Uliza Mwalimu: Ni ya ukoo au ni ya maji?

Wasomaji wangu wa Arusha na Moshi, na nyie mlioko mbali mnaosomea kwenye simu, asanteni sana. Toleo lililopita niligusia Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2025 nikasema mwenye swali la damu, dawa au maji alitume, basi meseji zimejaa mpaka nimezisoma siku tatu. Nimechagua tano. Mtaona wengi mnauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, kwamba hili tatizo letu ni la ukoo au limetoka wapi, na naomba nijibu taratibu kabisa maana kuna ndoa zinavunjika kwa ajili ya hili swali.

Shikamoo mwalimu. Naishi Maji ya Chai, nina watoto watatu. Wa kwanza nilimzaa Moshi, tukahamia huku akiwa darasa la tatu, meno yake meupe kabisa. Hawa wawili waliozaliwa huku meno ni ya kahawia, yule mdogo mpaka yana vishimo. Wifi yangu anasema ni damu ya kwetu, mimi ndo nimewapa. Mbona wa kwanza hana? Na ni kweli kuna kitu kipya cha kusafisha maji kimepata Nobel?

Marahaba mama. Swali lako umeshalijibu mwenyewe kwa hao watoto watatu, baba mmoja mama mmoja, meno tofauti. Ingekuwa damu yako basi angalau ingejaribu na kwa yule wa Moshi. Kilichobadilika hapo ni maji.

Mlima Meru ni volkano, na miamba na majivu yake yana floraidi nyingi. Mvua inanyesha, maji yanazama, yanapita kwenye hiyo miamba yanaibeba floraidi, halafu yanatokea kwenye chemchemi na visima vya huku chini kuanzia Usa River mpaka Ngurdoto mpaka kwenu. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Zamani sisi Tanzania tulikuwa tunaruhusu mpaka miligramu 4, sasa tumeshuka kwenye hiyo 1.5, ila maji hayajui kama tumebadilisha sheria. Na wengi wanadhani ile rangi ya mto wenu kama chai ndo floraidi yenyewe, hapana, floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha, ndo maana imetukaa miaka yote hii.

Sasa inaharibuje meno? Tabaka gumu la nje la jino limejengwa na madini ya kalsiamu na fosfeti, na linajengwa jino likiwa bado ndani ya fizi, kuanzia mtoto ni mchanga mpaka anafika miaka kama 8. Floraidi kidogo inasaidia, ndo maana ipo kwenye dawa ya meno. Ikizidi kipindi hicho jino linajengwa vibaya, linakuwa na vitundu vidogo vidogo, likitoka linanyonya rangi linakuwa kahawia, na likiwa limeathirika sana linamegeka. Mtoto wako wa kwanza alipofika Maji ya Chai meno yake yalishamaliza kujengwa, hayo maji yamemkuta nyumba imeshapauliwa. Mimi mwenyewe nimekulia huko huko kwenu mama, meno yangu ni kama ya hao wadogo, na nilivyokuwa shule ya bweni nilikuwa nacheka nimeziba mdomo, kwa hiyo nakuomba sana usiruhusu mtu awaambie watoto wako kwamba ni wachafu au wamerithi laana.

Mambo mawili ya jikoni ambayo watu wanakosea. La kwanza, kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini floraidi haitoki, tena maji yakipungua kwenye sufuria yale yanayobaki yanakuwa na floraidi nyingi zaidi kwa kila lita, na dawa za kutibu maji za madukani nazo haziigusi. La pili ni magadi. Tunaweka kwenye maharage na makande yaive haraka, na magadi mengi ya huku kwetu kaskazini yana floraidi, kwa hiyo hata mtu ambaye bomba lake ni salama anaweza kuwa anawalisha watoto floraidi kila siku bila kujua. Loweka maharage usiku, magadi acha. Maji ya mvua ni mazuri kwa kunywa na kupikia, ukiwa na bati safi na simtanki mwagia mbali yale maji ya mwanzo yanayoosha bati, halafu kinga.

Kuna na mkaa wa mifupa, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, inasagwa, maji yanapitishwa humo. Mfupa nao ni kalsiamu na fosfeti kama jino, kwa hiyo floraidi ikipita inang'ang'ania hapo, inaingia kwenye kile kiti ambacho mwanzo kilikaliwa na haidroksidi. Yaani kile kitu floraidi inachowafanyia watoto mdomoni, tunaiachia iufanyie mfupa wa ng'ombe kwenye ndoo! Mimi hii kemia naipenda jamani. Ila viti vikijaa vimejaa, mkaa lazima ubadilishwe, na hapo ndo miradi mingi inapokufa, watu wanaendelea kuchota wakidhani chujio bado linafanya kazi.

Kuhusu Nobel, ndio. Waliopewa ni Susumu Kitagawa wa Japani, Richard Robson wa Australia na Omar Yaghi wa Marekani. Walichotengeneza ni kama jengo la ghorofa dogo kuliko unavyoweza kufikiria, nguzo zake kwenye kona ni chembe za metali, na boriti zinazounganisha nguzo ni molekuli za kaboni, katikati vyumba vitupu. Chembe ikipita inayoenea kwenye hicho chumba inanasa. Gramu chache tu za aina moja iliyotengenezwa na Yaghi mwaka 1999, ukikunjua kuta zake zote unapata eneo la uwanja wa mpira. Huyo Yaghi amezaliwa Amman, Yordani, kwenye familia ya wakimbizi wa Kipalestina, nyumba haina umeme na maji ni ya shida, na leo moja ya kazi zake ni kuvuna maji ya kunywa kutoka kwenye hewa ya jangwani. Ambaye amewahi kubeba ndoo anajua kwa nini mtu wa hivyo alifikiria maji.

Watafiti wameshajaribu majengo ya namna hii yenye metali kama alumini na zirkoni kunasa floraidi, na yanainasa vizuri, lakini hiyo bado ni maabara, dukani Usa River hukuti. Cha kwetu kilicho karibu ni cha Dokta Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru, aliyechukua mchanga wa kuchujia wa kawaida akaongezea chembe ndogo sana alizozitengeneza kulingana na uchafu wa maji ya sehemu husika, floraidi ikiwemo. Mwaka 2015 akawa mtu wa kwanza kushinda Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Hapo Tengeru mama, ni daladala moja tu kutoka kwako.

Habari mwalimu. Niko Moshi. Mimi kwetu Muheza, mume wangu Mmachame. Mtoto wetu ana miaka 6, ana siko seli, SS. Mama mkwe anasema Machame ugonjwa huu haujawahi kuwepo, nimeuleta mimi kutoka Tanga, na sasa anamtafutia mume wangu mke mwingine. Halafu nimeona kwenye simu Wazungu wamepata tiba ya kukata jeni na watu wanapona kabisa. Tuna kiwanja Himo, niuze?

Dada yangu pole sana, na kiwanja usiuze. Soma kwanza.

Jeni ya kawaida tunaiita A, ya siko seli tunaiita S, na kila mtu anabeba mbili. Mtoto kuwa SS lazima apokee S mbili, moja kwa mama moja kwa baba. Hakuna njia ya mama peke yake kumpa mtoto SS. Kwa hiyo mume wako naye anayo, ni AS kama wewe, hana dalili yoyote, anacheza mpira na kulima kama kawaida, na aliipata kwa baba yake au kwa mama yake. Inawezekana kabisa huyo mama mkwe anayelalamika ndo ameibeba miaka yote. Nendeni hospitali wewe na mume wako mpime aina ya hemoglobini, kipimo kinaitwa elektroforesisi, mkae wawili mbele ya daktari awaeleze, halafu mume wako mwenyewe ndo akaongee na mama yake. Sio wewe, yeye. Nyie wote mkiwa AS kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, mbili kati ya nne AS, na moja AA, na hesabu inaanza upya kila mimba, haisemi kwamba huyu ameshaumwa basi watatu wanaofuata wako salama.

Na hilo la kwamba Machame haipo, mama ana kaukweli kadogo hapo. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye AS anakingwa dhidi ya malaria kali, ndo maana hiyo S imebaki nyingi kwenye sehemu zenye mbu kama pwani na ukanda wa Ziwa Victoria, na ni chache milimani kwenye baridi. Chache ila sio sifuri. Wachaga wameoana na watu wa tambarare, Wapare, Wakahe, watu wa pwani, toka enzi za misafara. Hiyo S iliwaokoa mababu wasife kwa malaria, sasa inageuka mzigo pale mbili zinapokutana, na hapo hakuna aliyemkosea mwenzake.

Ugonjwa wenyewe ni herufi moja tu. Kwenye DNA kuna maagizo ya kutengeneza hemoglobini, ile inayobeba oksijeni, na hapo herufi moja iliyotakiwa kuwa A imeandikwa T. Basi. Hemoglobini ikikosa oksijeni inajipanga kama fimbo, seli nyekundu inakunjika kama mundu, inaziba mishipa, mtoto analia maumivu ya mifupa. Seli ya kawaida inaishi kama siku 120, ya kwake siku 10 mpaka 20, ndo maana damu inaisha isha.

Sasa angalia hiki kitu. Mtoto wako alipokuwa mchanga hakuumwa, si ndio? Wengi hawaumwi miezi ya mwanzo, kwa sababu mtoto anazaliwa na hemoglobini nyingine ya tumboni ambayo haikunjiki. Baadaye mwili unaizima, na kuna jeni inaitwa BCL11A inayoshika hiyo swichi. Hiyo tiba uliyoiona, jina lake Casgevy, inatoa seli shina za mgonjwa, yaani zile zinazozaa seli za damu, zinapelekwa maabara, swichi inaharibiwa kwa mkasi wa CRISPR, ule uliowapa Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier Nobel ya mwaka 2020, halafu mgonjwa anarudishiwa seli zake, na hemoglobini ya utotoni inawaka tena. Uingereza waliiruhusu Novemba 2023, Marekani Desemba. Kwenye majaribio yaliyopelekwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani watu 29 kati ya 31 walikaa mwaka mzima au zaidi bila yale maumivu makali. Ni kweli kabisa, mtu akikwambia ni uongo usimsikilize.

Lakini bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni 5. Iliporuhusiwa ilikuwa ni kwa wenye miaka 12 kwenda juu. Na kabla ya kurudishiwa seli mgonjwa anapigwa dawa kali za kusafisha uloto, pale ndani ya mifupa damu inapotengenezwa, na hizo dawa zinaweza kumfanya asizae baadaye, anakaa hospitali wiki nyingi. Kiwanja cha Himo hakifiki hata kwenye nauli ya hilo jambo dada.

Kinachofika ni haidroksiyurea. Hiki ni kidonge cha siku nyingi na wengi hapa wanakiogopa kwa sababu wamesikia ni dawa ya saratani. Kinafanya kazi ileile ya kuamsha hemoglobini ya utotoni, kwa njia ya taratibu. Watafiti walikipima kwa watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, matokeo yakatoka kwenye jarida la New England mwaka 2019: maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua, na hata malaria ikapungua nusu, jambo ambalo watu walikuwa wanaogopa litakuwa kinyume. Hao ni watoto wa kwetu, wa mbu wetu na lishe yetu. Muulize daktari wa kliniki kama mtoto wako anafaa kuanza, na akianza lazima apimwe damu kila anapopangiwa, usiruke. Mengine unayajua lakini nayarudia: foliki asidi, chandarua, maji mengi, asipigwe baridi, na akipata homa usisubiri asubuhi. Kama ana ndugu wa damu moja asiyeumwa ulizia pia upandikizaji wa uloto, hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma imeshaanza kuwafanyia watoto wa selimundu, yaani siko seli, hapa hapa nchini.

Na kesho? Mimi nina matumaini, na nakwambia kwa nini. Mwaka 2025 huko Philadelphia mtoto mchanga anayeitwa KJ Muldoon, mwenye ugonjwa adimu wa ini, alitengenezewa dawa ya kurekebisha herufi yake moja iliyoharibika, ya kwake peke yake, kwa miezi kama sita. Alichomwa kwa dripu tu, chembe ndogo za mafuta zikabeba hiyo dawa mpaka kwenye ini, bila kutolewa seli nje na bila zile dawa kali. Ini ni rahisi kufika kuliko uloto, lakini toka 2019 taasisi za afya za Marekani na wakfu wa Gates walitangaza kuweka dola milioni 100 kila mmoja kutafuta tiba za jeni za kuchoma moja kwa moja mwilini kwa ajili ya selimundu na Ukimwi, na lengo walilolisema wazi ni zifike Afrika. Kazi yako wewe ni mtoto afike huko akiwa na wengu, figo na ubongo mzima.

Mwalimu kuna dada anauza hapa Arusha unga wa "stem cell", paketi laki na zaidi, anasema unatibu siko seli, kisukari na presha. Nimnunulie mama?

Usinunue. Seli shina, ndo hiyo "stem cell", ni kitu hai, kinatunzwa kwenye baridi kali na kinaingizwa kwenye mshipa, ukikausha ukaweka kwenye paketi umebaki na unga. Hata ingekuwa hai, ukiinywa tumbo linaimeng'enya kama nyama. Hiyo laki mnunulie mama dawa zake za presha za miezi kadhaa na asiache kuzimeza.

Mambo mwalimu, niko hosteli Njiro. Mimi Mchaga, nikinywa maziwa freshi tumbo linaunguruma siku nzima. Rumeti wangu Mmasai anapiga lita na analala. Nina ugonjwa?

Poa mdogo wangu, huna ugonjwa. Maziwa yana sukari inaitwa laktosi, na tumboni kuna kimeng'enya cha kuivunja, laktasi. Watu wengi duniani hicho kimeng'enya kinapungua wakishakua, kama mwili unavyosema umeshaacha ziwa sasa. Laktosi isiyovunjwa inashuka kwa bakteria wa utumbo mkubwa, wanaichachua, ndo hiyo gesi.

Rumeti wako kuna uwezekano mkubwa hii ni ya ukoo kweli, na kwa uzuri. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitoa utafiti wa Watanzania, Wakenya na Wasudani 470, waliwanywesha laktosi wakawapima sukari kwenye damu, wakakuta herufi zilizobadilika jirani na jeni ya laktasi zinazoifanya isizimwe ukubwani. Na herufi hizo sio zile za Wazungu wa kaskazini wanaokunywa maziwa. Wafugaji wa Afrika Mashariki walipata yao wenyewe, ndani ya miaka kama 7,000, kipindi watu wanaanza kutegemea ng'ombe. Mtoto aliyeweza kunywa maziwa wakati wa ukame alibaki, akazaa. Walimu wengi bado wanafundisha hadithi ya Ulaya peke yake wakati ushahidi umekaa hapo kitanda cha pili!

Wewe kunywa mtindi, bakteria wameshaila sehemu ya laktosi na wanakusaidia iliyobaki. Chai ya maziwa kidogo pamoja na chakula wengi wanaivumilia. Ila ukiona kuharisha damu au unakonda, hiyo sio laktosi, nenda kapimwe.

Mwalimu, sisi huku Ngaramtoni tumechanga tukachimba kisima, maji matamu sana. Tutajuaje kama yana floraidi?

Utamu hausemi kitu mzee wangu, lazima yapimwe, na mpime kabla ya kujenga tenki na kusambaza mabomba, kwa sababu hela ikishazama hakuna atakayetaka kusikia majibu. Pelekeni maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji. Hata kisima cha jirani kikiwa salama msikitegemee, visima viwili vilivyokaribiana vinaweza kupishana sana kutegemea mwamba vilipoishia. Pampu iendeshwe kwanza maji yaliyolala yatoke. Chukueni chupa ya plastiki na sio ya kioo, maana floraidi inagusana na kioo na kipimo kinaweza kupotoka, isuuzeni kwa maji yaleyale ya kisima mara tatu, jazeni, fungeni, andikeni tarehe na jina la kisima. Wakiwapa karatasi angalieni namba ya floraidi, ikizidi 1.5 maji hayo tumieni kufulia na kuogea, na kabla ya mvua za masika mjue simtanki ya shule inakaa wapi, watoto wadogo ndo waanze kupewa ya mvua.